Sura ya Sita: Ramani Moja, Miteremko Mingi

Tarehe 10 Oktoba 2021, jijini Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mpango wa kutumia shilingi trilioni 1.3 za mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa kwa ajili ya kukabiliana na athari za UVIKO-19. Sehemu ya fedha hizo ilielekezwa kwenye vyumba vya madarasa 15,000: 12,000 vya sekondari na 3,000 vya shule shikizi, zile ndogo zinazoanzishwa chini ya shule mama. Kila chumba kilitengewa shilingi milioni 20, na vyote vilitakiwa kuwapokea wanafunzi Januari 2022.

Kwa mtu wa Dodoma, Oktoba bado ni kiangazi. Kwa mtu wa Kibondo, mkoani Kigoma, ni mwezi wa kutazama mawingu, maana mvua za huko huanza Oktoba au Novemba na kuendelea hadi Mei. Fedha zilipofika vijijini, tanuru za matofali zilikuwa zimeshazimwa na barabara za vumbi zilikuwa zinageuka tope. Madarasa yalijengwa hivyo hivyo. Walimu wakuu, watendaji wa vijiji, wahandisi wa halmashauri na mafundi walikesha, na watoto wakapata mahali pa kukaa. Nawapa heshima yao kabla sijasema lolote, kwa sababu yote nitakayoyasema hapa yanahusu namna ya kuwapunguzia watu hao mzigo ambao hawakupaswa kuubeba.

Majengo mengi ya serikali za mitaa hujengwa kwa michoro ya mfano inayotoka TAMISEMI, ofisi inayosimamia halmashauri. Halmashauri huipokea, kisha shule au kituo cha afya hujenga kwa force account, yaani kwa mafundi wa eneo husika na vifaa vinavyonunuliwa na kamati, bila mkandarasi. Mchoro huo huchukulia kwamba ardhi ni tambarare. Darasa la Bahi, kwenye uwanda wa Dodoma, na darasa la Heru Juu, kwenye ubavu wa kilima cha Kasulu, hupata karatasi ile ile na shilingi zile zile.

Watu wakisikia habari za modeli ya taarifa za jengo, ambayo wataalamu duniani huiita BIM, huwaza maghorofa ya Dar es Salaam, viwanja vya ndege na reli ya SGR. Ni kweli huko ndiko ilikoanza kuingia. Lakini nchi inayojenga chumba kile kile mara elfu kumi na tano kwa msimu mmoja ina sababu kubwa zaidi ya kuwa na modeli ya chumba hicho kuliko mwenye ghorofa moja la fahari. Nami nasema mahali pa kuanzia ni darasa, zahanati na kituo cha afya, na hasa kwenye miinuko ya Buha, nchi ya Kasulu na Kibondo.

Tuanze na modeli yenyewe. Mchoro wa kawaida, hata ukichorwa kwa kompyuta, ni mistari. Mistari miwili sambamba ni ukuta kwa sababu sisi wasomaji tumekubaliana hivyo. Kompyuta yenyewe haijui kama ule ni ukuta au ni mpaka wa shamba la mihogo. Katika modeli, ukuta ni ukuta. Una urefu, unene, aina ya tofali, uwiano wa saruji na mchanga, siku ya kujengwa na bei. Ukisogeza dirisha nusu mita, linasogea kwenye ramani ya sakafu, kwenye sura ya mbele ya jengo, kwenye orodha ya vifaa na kwenye gharama, vyote kwa mara moja. Hakuna karatasi inayobaki na habari za jana.

Wazo hilo si geni. Mwaka 1975 Charles Eastman, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon nchini Marekani, alieleza mfumo wa kompyuta ambao jengo lingeelezwa mara moja tu, na michoro yote ikatolewa humo. Kilichomsumbua ni kwamba kitu kimoja huchorwa mara nyingi kwenye karatasi tofauti, na kikibadilishwa kwenye karatasi moja, nyingine hubaki na uongo. Miaka ya 1980 kampuni ya Graphisoft ya Budapest, Hungaria, ilitengeneza ArchiCAD, programu ambayo wabunifu majengo wa Tanzania wanaijua vizuri. Revit ilitoka mwaka 2000. Serikali ya Uingereza ilitangaza mwaka 2011 kwamba miradi ya serikali kuu italazimika kutumia modeli ifikapo 2016, na moja ya majaribio yake ya mwanzo lilikuwa gereza la vijana la Cookham Wood, katika jimbo la Kent. Serikali inayojenga vyumba vinavyofanana kila mwaka ndiyo inayofaidi zaidi, kwa sababu inajifunza katika jengo moja na kutumia somo hilo katika majengo yote yanayofuata.

Sasa twende Kasulu.

Maji ya Ziwa Tanganyika yapo kama mita 770 juu ya usawa wa bahari. Ukitoka Kigoma mjini kwenda Kasulu unapanda hadi mita 1,200 na zaidi, na Kibondo iko juu pia. Ni nchi ya migongo na mabonde, udongo mwekundu juu, udongo mweusi wa mbuga chini. Kijiji kikitenga eneo la shule, aghalabu hakitoi bonde lenye rutuba ambalo watu wanalima maharage na migomba. Kinatoa ubavu wa kilima. Ni uamuzi wa busara kwa mkulima, na gharama yake inajitokeza siku ya kuchimba msingi.

Chukua jengo la vyumba viwili vya madarasa, kila kimoja mita 9 kwa 7. Kwa pamoja ni mita 18 kwa 7. Liweke kwenye mteremko wa kawaida kabisa, unaoshuka mita 1 kwa kila mita 10, tena kwa urefu. Ukiweka sakafu sawa na ardhi ya pembe ya juu, pembe ya chini itakuwa imening'inia mita 1.8 hewani. Pengo hilo lazima lijengwe na kujazwa. Kuta mbili ndefu zinaongezeka jumla ya mita za mraba 32.4, ukuta wa mwisho upande wa chini mita 12.6, ukuta wa katikati mita 6.3. Jumla ni mita za mraba 51 za ukuta ambao haumo kwenye mchoro wa Dodoma. Tofali la saruji la inchi 6 likilazwa, kila mita ya mraba hula tofali 13 au 14, kwa hiyo zinahitajika tofali karibu 700 za ziada. Ndani ya kuta hizo kunakwenda kifusi cha mita za ujazo 113. Kwa tipa linalobeba mita za ujazo 7, ni safari 17, na zitazidi, kwa kuwa moramu hushuka ikishindiliwa. Tena ukuta wa kuzuia kifusi cha kimo hicho hautaki tofali tu. Unataka nondo na nguzo.

Fedha za hayo yote zinatoka wapi? Zinatoka kwenye paa. Mwalimu mkuu amepewa kiasi kilekile, na msingi umekwisha kumeza sehemu yake. Jengo linafika kwenye lenta na kusimama. Hapo linaingia katika orodha ya maboma, yale majengo yasiyo na mabati tunayoyaona nchi nzima, ambayo kila bajeti hutengewa fungu la kuyamalizia. Wapo watakaosema maboma hutokana na wizi, na baadhi yametokana na wizi. Mengi, naamini, yametokana na mteremko ambao hakuna aliyeupima.

Geuza jengo lile lile, lifuate ubavu wa kilima badala ya kushuka nao. Sasa ardhi inashuka kwa upana wa mita 7 tu, yaani sentimita 70. Ukuta wa ziada unakuwa mita za mraba 20 badala ya 51. Kifusi kinakuwa mita za ujazo 44 badala ya 113, safari 7 badala ya 17. Ukiamua zaidi kuchimba kidogo upande wa juu na kujaza kidogo upande wa chini, udongo wa kujazia unaupata hapo hapo. Bado utalazimika kufikiria jua, maana darasa lenye madirisha yanayotazama magharibi huwachoma watoto mchana, na wakati mwingine kilima kinataka hivi na jua linataka vile. Lakini huo ndio uamuzi wa maana kuliko yote katika mradi mzima, na kwa kawaida hufanywa asubuhi moja, kwa macho, fundi akiwa na kamba mkononi na kumuuliza mtendaji, "Tuanzie wapi, mzee?"

Modeli inafanya hesabu niliyoifanya hapo juu kwa sekunde chache, na inaifanya kwa kila mwelekeo unaoutaka. Jengo limeshachorwa mara moja, huko Dodoma. Kinachoongezwa Kasulu ni ardhi: vimo vya eneo, aina ya udongo, njia ya maji ya mvua. Ukivitia, orodha ya vifaa inabadilika yenyewe. Orodha hiyo, ambayo maofisa na mafundi wote huiita BOQ, inaacha kuwa ya darasa la mfano na inakuwa ya darasa hili. Halmashauri inaweza kusema mapema kwamba shule fulani itazidi bajeti kwa kiasi fulani kwa sababu hii, na kutafuta fedha kabla ya jembe la kwanza. Ombi la fedha linaloletwa na vipimo lina heshima tofauti na ombi linaloletwa na boma.

Baada ya ardhi unakuja wakati. Hapa modeli inafanya kazi ambayo wengi hawaifikirii, ya kufunga kila kipande cha jengo na tarehe yake. Kibondo na Kasulu watu hujenga zaidi kwa tofali za kuchoma, na tofali hizo hufyatuliwa na kuchomwa kiangazi, kati ya Juni na Septemba. Ukizitafuta Novemba utapata za kuokoteza, mbichi katikati, kwa bei ya kupanda. Saruji inatoka mbali: Wazo Hill, Tanga, Mtwara, Mbeya. Mbao nzuri za kenchi nazo husafiri, nyingi kutoka Sao Hill huko Mufindi. Saruji ikifika mapema na kulala miezi mitatu kwenye stoo yenye unyevu, inapoteza nguvu. Ikichelewa, mafundi wanakaa bure na posho inakwenda. Barabara ya Kabingo, Kasulu hadi Manyovu, kilomita 260, ambayo Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinishia fedha Novemba 2018 pamoja na kipande cha upande wa Burundi, imekusudiwa kuirahisishia nchi hii safari. Lakini shule haiko kando ya lami. Iko kilomita kadhaa ndani, baada ya mto mdogo ambao Aprili si mdogo.

Kwa hiyo modeli iliyofungwa na kalenda ya Kigoma ingesema mambo ambayo kalenda ya bajeti haisemi: tofali zinunuliwe Agosti hata kama darasa litajengwa baadaye, msingi na jamvi vimalizike kabla ya mvua kubwa, mabati yawe saitini kabla kuta hazijafika kwenye lenta, ili kuta za tofali za kuchoma zisiachwe wazi kupigwa na mvua. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai, katikati ya kiangazi cha Kigoma. Fedha zikitoka Julai, hakuna mkoa unaofaidi kuliko huu. Zikitoka Oktoba, hakuna mkoa unaoumia kuliko huu. Nadhani wanaogawa fedha wangezigawa kwa utaratibu mwingine kama wangeona kwenye kioo cha kompyuta jengo lile lile likipanda kwa siku zake Kigoma na kwa siku zake Dodoma, sambamba.

Nimemtaja mwalimu mkuu mara kadhaa, na inafaa nikae naye kidogo. Katika force account, yeye ndiye msimamizi wa mradi bila kuwa na cheo hicho. Alisomea kufundisha Kiswahili au baiolojia. Sasa anasaini hati ya kupokea nondo, anaitisha kamati ya ujenzi, kamati ya manunuzi na kamati ya mapokezi, anaulizwa na fundi kama zege la jamvi liwe la inchi nne au sita, na jioni anasahihisha madaftari. Mhandisi wa halmashauri anamtembelea akipata gari. Karatasi alizopewa zimeandikwa kwa lugha ya michoro, lugha ambayo hakuna aliyewahi kumfundisha. Anategemea neno la fundi, na fundi mwenyewe mara nyingi anategemea uzoefu wa jengo lililopita, mahali pengine, kwenye ardhi nyingine.

Huyu hahitaji programu wala kompyuta. Anahitaji kile ambacho modeli inaweza kumtolea. Kwanza, picha ya jengo lake likiwa limefika kwenye msingi, picha likiwa kwenye lenta, picha likiwa limepauliwa, kila moja imechorwa kama jicho linavyoona, nondo zikionekana mahali pake ndani ya zege. Akishika picha hiyo saitini anaweza kuhesabu nondo nne kwenye mkanda na kuona kama ziko nne. Pili, orodha ya vifaa iliyokatwa kwa hatua, ili kamati ya manunuzi inunue vya msingi kwa fedha za msingi. Tatu, tarehe. Vyote vinaingia kwenye kurasa chache na vinapita kwenye WhatsApp. Ukibandika orodha hiyo kwenye ubao wa matangazo wa kijiji, mzazi yeyote aliyechangia nguvu zake anaweza kuuliza: hapa pameandikwa safari 17 za moramu, mbona tumeziona 9? Hapo taarifa inakuwa ulinzi, na inamlinda hata mwalimu mkuu mwaminifu, ambaye leo hana ushahidi wa uaminifu wake isipokuwa risiti.

Inashangaza kwamba upande wa fedha tumeshafika mbali. Shule na zahanati zinaandika mapato na matumizi kwenye mfumo wa FFARS. Tangu 2023 zabuni za umma zinapita kwenye mfumo wa NeST. Shilingi inafuatiliwa kwa kompyuta kutoka Hazina hadi kijijini, lakini ikishanunua tofali, habari zake zinaishia hapo. Tunajua fedha iliyotumika na hatujui ukuta uliojengwa. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu zikitaja majengo yasiyokamilika mwaka baada ya mwaka, zinatazama tatizo ambalo chanzo chake hakimo kwenye vitabu vya hesabu.

Darasa ni jengo jepesi. Hospitali ndiyo inayoonyesha ukali wa jambo hili. Katika mwaka wa fedha 2018/19 Serikali ilianza kujenga hospitali 67 za halmashauri kwa mkupuo, kila moja ikianza na shilingi bilioni 1.5. Kabla ya hapo vituo vya afya vilikuwa vimeanza kupewa fedha za kuongezewa wodi ya wazazi, chumba cha upasuaji, maabara, nyumba ya mtumishi na chumba cha kuhifadhia maiti. Majengo hayo yametawanyika kiwanjani na yanaunganishwa na njia za kupitishia wagonjwa. Kwenye uwanda, njia hiyo ni sakafu ndefu yenye paa. Kwenye kilima ni mtihani.

Fikiria wodi ya wazazi na chumba cha upasuaji vikijengwa na mafundi wawili tofauti, kila mmoja akipanga kimo cha sakafu yake kwa kutazama ardhi ya hapo alipo. Kila jengo linatoka zuri. Kisha inagundulika kwamba sakafu moja iko mita moja juu ya nyingine. Ili kitanda cha magurudumu kipite salama, mteremko wa njia usizidi mita 1 kwa mita 12. Kwa hiyo mita moja ya tofauti inadai njia ya mita 12, na nafasi kati ya majengo ni mita 8. Kinachofuata ni ngazi, au njia kali ambapo wauguzi wawili wanamsukuma mama mwenye uchungu uliokwama huku mmoja akishikilia kitanda kisirudi nyuma. Kasoro kama hiyo hairekebishiki bila kubomoa. Na ingeonekana kwenye modeli siku ya kwanza, kwa sababu modeli inaweka majengo yote juu ya ardhi moja na kuonyesha kila sakafu iko kimo gani.

Mgongano wa namna hiyo ndio kazi maarufu ya modeli duniani: bomba linalopita katikati ya boriti, taa inayoangukia penye feni. Katika kituo cha afya cha kijijini migongano ni michache lakini inauma. Bomba la maji taka la chumba cha kujifungulia likisahauliwa, jamvi likishakauka, kijana anapewa nyundo na patasi akatoboe zege jipya, akikata na nondo njiani. Mlango wa chumba cha upasuaji ukiwa mwembamba kuliko kitanda, hakuna wa kumlaumu kwa sababu mchoro wa milango na orodha ya samani viliandaliwa na watu ambao hawajawahi kukutana. Tangi la maji likiwekwa chini ya kimo cha wodi, maji hayapandi. Kichomea taka kikiwekwa upande upepo unakotokea, moshi unaingia kwa wagonjwa. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachohitaji akili nyingi kukizuia. Vinahitaji watu wote watazame jengo moja kwa wakati mmoja.

Najua hoja zinazotolewa dhidi ya haya. Leseni za programu kubwa ni ghali, na hilo ni kweli. Halmashauri isiyo na mafuta ya gari haitalipia leseni kila mwaka. Lakini zipo programu huria zisizolipiwa, FreeCAD na Bonsai, zinazosoma muundo wa wazi uitwao IFC, muundo ambao programu zote kubwa pia huusoma. Mchoro wa mfano wa TAMISEMI ukitolewa kwa IFC, mhandisi wa Kibondo haulizwi ametumia programu gani. Umeme ulikuwa kikwazo enzi za majenereta ya dizeli. Tangu 2022 gridi ya Taifa imefika Kasulu na Kibondo. Wataalamu ni wachache, nalo ni kweli, ila kazi nzito ya kuijenga modeli inafanyika mara moja kwa nchi nzima. Halmashauri inabaki na kazi ya kuiweka kwenye ardhi yake, kazi ambayo kijana mmoja mwenye stashahada na kompyuta moja anaweza kuifanya kwa shule nyingi.

Kuhusu kupima ardhi, tumeshaona vijana wetu wakifanya makubwa zaidi. Katika mradi wa Ramani Huria ulioanza 2015, wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitembea mitaa ya Dar es Salaam na kuchora mifereji na nyumba ili kukabili mafuriko. Mwaka 2016 Zanzibar ilianza kupiga picha Unguja na Pemba kwa droni, vijana wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) wakishiriki. Kama visiwa viwili vimeweza kupimwa hivyo, kiwanja cha shule ya Mabamba au Nyakitonto hakitushindi.

Kuna hoja moja ninayoiogopa mwenyewe, nayo ni modeli kugeuka pambo. Dar es Salaam mara nyingi modeli inaishia kwenye picha nzuri ya kumvutia mteja, jengo likimetameta chini ya anga la buluu, kisha saitini watu wanarudi kwenye karatasi. Modeli isiyo na vipimo vya kweli ni hatari kuliko mchoro duni, kwa kuwa watu wanaiamini. Chukua tofali la kuchoma: linafyatuliwa kwa mkono, na kila tanuru lina kipimo chake. Ukitumia kipimo cha kitabuni, hesabu ya tofali za ukuta mzima inakosea. Dawa ni kupima tofali kumi za tanuru husika na kuingiza wastani wake. Udongo vivyo hivyo. Fundi wa Kifura anajua mahali ambapo msingi huwa unafika kwenye mwamba na mahali ambapo udongo mweusi hupasuka kiangazi. Ujuzi huo haumo Dodoma, na modeli inayofaa ni ile inayomuuliza fundi huyo kwanza, kisha inaandika jibu lake mahali ambapo fundi wa kesho atalikuta.

Maana majengo haya yanaishi kuliko walioyajenga. Miaka 20 baadaye bomba litaziba, na mtu atataka kujua limepita wapi. Nchi hii ya Buha inajua vizuri habari ya majengo na mitandao ya maji kubadilisha mikono: kambi za wakimbizi zimefunguliwa na kufungwa, Mtabila ikifungwa 2012, Mtendeli 2021, huku Nyarugusu ikiwa imesimama tangu 1996. Kila makabidhiano bila kumbukumbu ni mwanzo wa kuchimba kwa kubahatisha.

Kwa TAMISEMI nina ombi moja: tengenezeni modeli ya darasa, moja tu, muitoe bure kwa muundo wa wazi, na muijaribu kwa msimu mmoja katika halmashauri za Kasulu na Kibondo, fedha zikitoka Julai. Hakuna mahali pagumu zaidi pa kuipima, na ikifaa huko itafaa Bahi.

Na wewe uliye kwenye kamati ya ujenzi ya kijiji, usisubiri Dodoma. Pigeni vigingi vinne kwenye pembe za jengo, chukueni mpira wa maji ambao kila fundi anao, na mpime kila pembe iko chini kiasi gani kuliko ile ya juu. Andikeni namba hizo nne, mmpigie simu mhandisi wa halmashauri, na mdai BOQ ya mteremko wenu kabla ya kununua mfuko wa kwanza wa saruji.